Mti wa Krismasi Uani kwa Mjane

Mti wa Krismasi hauchaguliwi kwa macho. Macho hupenda umbo, na umbo hudanganya. Unashika tawi kwa ndani, karibu na shina, unavuta kiganja polepole kuja nje kama mtu anayekamua ng'ombe. Ukifungua mkono ukakuta vijani viwili vitatu, mti huo una maji. Ukikuta kiganja kimejaa, achana nao, hata ungekuwa umenyooka namna gani. Halafu unapinda kijiti: kibichi kinakubali, kikavu kinakatika. Mwisho unapanua matawi na kuchungulia tumboni. Kila saipresi ina majani ya kahawia huko ndani, hiyo ni kawaida yake. Lakini kahawia ikishafika nje kwenye ncha, mti huo umeanza kufa ukiwa bado umesimama.

Mambo haya nilifundishwa na mume wangu. Alikuwa mtunza bustani Tororo, kwenye nyumba za wakubwa wa kiwanda cha saruji, na huko kila Desemba wazungu walitaka mti ndani ya nyumba. Mwaka wake wa kwanza alikata mti uliomfurahisha macho, na sikukuu haijafika ulikuwa umemwaga majani yote kwenye zulia la mama wa nyumba. Alikaripiwa vibaya, akajifunza. Alipokuja nyumbani Buteba mwisho wa mwezi alinieleza yote kama mtu anayesimulia safari ya mbali. Nilicheka. Nikamwambia watu wanaoua mti ili waufurahie ni watu wa ajabu. Baadaye kanisa letu nalo likataka mti wake, na yeye akawa ndiye mwenye kazi hiyo.

Naandika haya nikiwa mtu mzima, nywele zimeanza kugeuka, na nimekaa peke yangu muda mrefu kuliko nilivyokaa na watu. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msomaji asitafute maneno makubwa kwangu. Majina sitaandika. Siwaogopi, ila wajukuu wao wamepewa majina hayohayo na wao hawakunikosea. Lakini walionikosea nitawataja kwa nafasi zao, na mtu aliyeishi Buteba miaka ile ya sitini atawaona waziwazi. Wa kwanza ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Wa pili ni katekista wa kanisa letu. Wa tatu ni mama mkwe, na huyo ndiye aliyeniuma zaidi, kwa sababu nilimpenda.

Nilizaliwa upande wa Kenya, nje kidogo ya Busia, nikaolewa upande wa Uganda kwa Wasamia wenzetu. Bendera zilikuwa mpya pande zote mbili, na kizuizi cha barabarani kilikuwa boriti moja ambayo askari aliinua kwa mkono. Tulipata mtoto mmoja, msichana. Kisha ikaja homa ya matumbo, ule mwaka wa mvua nyingi, maji machafu yalipoingia kisimani. Ilituangusha sote watatu ndani ya nyumba moja. Mtoto alitangulia, baba yake akamfuata udongo wa mtoto haujakauka. Mimi nilinyolewa nywele nikiwa sijitambui. Nilipozinduka nilikuta makaburi mawili nyuma ya nyumba, moja refu na moja fupi, na watu wananitazama kwa jicho la kuuliza mbona wewe umebaki.

Basi nyumba ile, yenye bati ambazo mume wangu alizinunua moja moja na kuzileta kwa baiskeli kutoka Tororo, pamoja na yale makaburi mawili nyuma yake, ndiyo yote niliyobaki nayo. Nikiamka nilifagia makaburi kwanza, ndipo nikafagia uani. Nilitaka kitu kimoja tu: niachwe nikae pale.

Matanga yalipokwisha shemeji alikuja, akakaa kwenye kiti cha ndugu yake bila kukaribishwa.

"Mke wetu," akasema, "nyumba haikai bila mwanaume."

"Shemeji, mimi ni mtu wa kanisa. Na wewe wake wawili unao."

"Huyo wa tatu si wangu. Ni wa marehemu, mimi namshikia tu."

"Usinishikie. Sianguki."

Alicheka, lakini meno tu ndiyo yaliyocheka. Jumapili iliyofuata katekista alisimama mbele ya watu akasema mjane si ng'ombe wa kurithiwa. Alisema vizuri sana, kinamama wakapiga makofi, nami nikamwamini kama anavyoaminiwa baba. Shemeji akanyamaza. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa mtu anayengoja.

Hapa lazima nieleze jambo, maana siku hizi kinamama wanagawiwa miche kwenye vikundi na wanapanda wakiimba, na msomaji kijana hatanielewa. Kwetu mwanamke hapandi mti. Anapanda ulezi, mihogo, viazi, maharagwe, vyote vinavyoliwa vikaisha. Mti hauliwi ukaisha. Mti unasema hapa ni kwa nani, ndiyo sababu mwanaume akigawiwa kipande na baba yake hupanda mti hata kabla ya kufyeka. Mwanamke akipanda mti kwa mumewe, watu husema anataka mume afe. Mjane akipanda ni vibaya zaidi, maana anawaambia ndugu za marehemu kwamba ardhi imehamia mkononi mwake. Hayo niliyajua tangu mtoto kama nilivyojua kwamba moto unaunguza. Sikubishana nayo. Hata mimi ningemwona mwanamke anashindilia mche ningegeuza uso.

Desemba iliyofuata vifo vile, katekista alinisimamisha nje ya kanisa.

"Mama, marehemu ndiye alikuwa anatuletea mti. Sasa tutafanyaje?"

"Mti ninaujua. Nitaleta."

"Na matawi ya kupamba madirisha?"

"Na matawi."

"Mungu akubariki," akasema, akapanda baiskeli yake.

Nilifurahi. Tangu homa ile watu walikuwa wananiita kwa pole tu. Hakuna aliyeniita kwa kazi.

Saipresi nzuri zilikuwa Tiira, kwenye kambi ya mzungu mmoja aliyekuwa akichimba dhahabu, akaondoka kabla ya uhuru. Aliacha nyumba isiyo na madirisha na mstari wa miti mikubwa kuizunguka. Mbegu zilikuwa zimeanguka na miche imejiotea ovyo kati ya mashimo ya zamani, mingine imefikia kimo cha mtu. Mlinzi wa pale alikuwa mtu wa makamo wa kabila la Wateso, aliyemfahamu mume wangu. Alinifuata nyuma na panga lake, nami nikapita mti kwa mti, navuta tawi, napinda, nachungulia.

"Mama," akasema, "wewe nachagua mti ama nachagua bwana?"

"Bwana nilimchagua kwa haraka kuliko hivi."

"Na alikuwa muzuri?"

"Alikuwa mzuri."

Akaacha utani. "Alikuwa muzuri kweli. Kila mara alikuwa naletea mimi tumbako."

Nilipata mmoja kando ya shimo lililojaa maji, mzito, wenye harufu ya kuwasha pua. Nikamwambia nitarudi kuukata siku mbili kabla ya sikukuu. Akatikisa kichwa.

"Mimi nakwenda kwetu kula Krismasi. Hii panga nakwenda na mimi, na geti nafunga. Kata leo, ama kosa."

Ilikuwa mapema mno. Saipresi iliyokatwa ikikosa maji hudumu muda mfupi sana kabla ya kuanza kumwaga vijani. Lakini ikinywa maji mfululizo inaweza kuvuka wiki na zaidi bila kubadilika rangi. Nikasema kata. Aliukata chini kabisa kwa mapigo machache. Nikafunga shina kwa gunia lililolowa, nikaubeba begani shina likiwa mbele, ili matawi yalale nyuma na upepo usiyapinde. Njiani kinamama waliokuwa wanarudi kutoka shamba waliniuliza kama nahama na msitu. Niliwajibu. Siku ile hata mimi nilikuwa na utani.

Mti ukikatwa, utomvu huja juu ya kidonda na kukifunga. Ukiuweka majini hivyohivyo haunywi. Kwa hiyo ukifika nyumbani unakata tena kipande chembamba chini, kama unavyokata mkate, na hapohapo unautia kwenye maji kabla kidonda hakijafunga mara ya pili. Wala usichonge shina ili liingie kwenye chombo kidogo, maana mti hunywea pembeni, chini ya gamba. Ukilichonga umeuondolea mdomo. Mume wangu alitumia debe, akaushikilia kwa mawe. Debe hilo halikuwepo. Shemeji alikuwa amelichukua kwa ajili ya pombe yake ya sikukuu, akisema atalirudisha kesho kutwa.

Nikaenda kwake. Nilimkuta kivulini na wake zake wawili, debe langu liko jikoni kwenye mafiga, limeiva masizi.

"Shemeji, naomba debe langu."

"Debe lina kazi, si unaona."

"Nina mti wa kanisa. Usipokunywa leo, kesho umefunga mdomo."

"Mti una mdomo," akawaambia wake zake. "Mnasikia? Huyu ndugu yangu alimfundisha nini huyu?" Mke mdogo alicheka mpaka akakohoa.

"Basi nipe hata chungu."

"Mke wetu, ni sikukuu, hakuna chungu kilicho wazi hapa. Chimba shimo uutie humo. Kwani ardhi haina maji?"

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi. Mpaka leo sijui kama alikuwa amepanga au ulimi ulijisemea tu. Wake zake wawili waliyasikia kama nilivyoyasikia mimi.

Na mimi nikachimba. Msomaji ataniuliza nilikuwa wapi na mambo yetu ya mwanamke na mti. Nilikuwa nayo palepale. Lakini kwangu ule haukuwa mti tena. Ulikuwa kitu kilichokufa ambacho nakichelewesha kukauka, kama nyama unayoitundika juu ya moshi. Nilichimba shimo uani, pembeni ya bafu, nikalipaka ndani udongo wa kichuguu ili maji yasikimbie, nikamwaga maji, nikakata kipande chini ya shina, nikausimamisha. Nikaujazia mawe na udongo kuzunguka ili upepo usiuangushe. Ulisimama wima, wa kijani kibichi, kama uliozaliwa pale.

Siku ya kwanza ulikunywa ndoo nzima na zaidi. Siku zilizofuata ukapunguza, kama mgonjwa aliyetulia. Nilikuwa najaza kila asubuhi na kila jioni, maana maji yakishuka chini ya kidonda hata kwa nusu siku, utomvu unafunga tena na kazi yote imepotea. Matawi ya mitende ya kupamba madirisha niliyalaza ndani ya nyumba chini ya magunia yaliyolowa. Maua mekundu ya bugenvilia, tunayoyaita maua ya karatasi, niliyaacha kwenye kichaka chake, maana yakikatwa hunyauka mara moja. Hayo hukatwa alfajiri ya siku yenyewe. Jioni nilitoa kigoda nikakaa karibu na mti. Sikuzungumza nao, nisije nikaambiwa nimerukwa na akili. Nilikaa tu. Tangu homa ile hakukuwa na kitu chochote pale nyumbani kilichosubiri maji kutoka kwangu.

Mama mkwe alipita siku moja kuomba chumvi. Aliuzunguka mti, akashika tawi, akainusa mikono yake.

"Umeusimamisha kama alivyokuwa anafanya," akasema.

"Yeye aliweka kwenye debe, mama."

"Debe, shimo, kunywa ni kunywa." Akachukua chumvi yake akaondoka, na nilibaki nimefurahi siku nzima kwa sababu alimtaja mwanawe bila kulia.

Siku mbili kabla ya Krismasi, jua limesimama, niliona wazee wa ukoo wanaingia uani. Shemeji yuko mbele. Mama mkwe anakuja nyuma, macho chini. Walikuwa wamekuja na viti vyao, na hapo nikajua si salamu. Shemeji alisimama karibu na mti, hakuugusa.

"Mnaona wenyewe," akasema. "Mimi sina la kuongeza."

Mkubwa wao, ami wa marehemu, aliniuliza kwa upole.

"Mama, nani alichimba hapa?"

"Mimi."

"Nani alishindilia?"

"Mimi."

"Na hili ni tope. Nani anamwagilia?"

"Mimi, mzee. Ni mti wa kanisa. Umekatwa Tiira, kesho unaenda kanisani. Hauna mizizi. Ung'oeni muone."

"Hakuna mtu wa kuugusa," shemeji akasema. "Anataka tumng'olee ili tumsafishe kosa lake bila kujua."

"Shemeji, ni wewe uliniambia nichimbe."

"Mimi?" Akawageukia wake zake waliokuwa wamesimama kwenye njia. "Mlinisikia nikimwambia mke wa ndugu yangu apande mti?"

Mke mkubwa akatazama mbali. Mke mdogo akasema, "Sisi tulikuwa na moshi machoni." Watu wawili watatu wakacheka.

Nikaushika mti mwenyewe, nikauvuta. Tope liliuachia kwa mlio mkubwa. Nikaulaza chini mbele ya wazee, kidonda kikiwatazama, cheupe pembeni na chekundu katikati. Nikauliza mizizi iko wapi. Mzee mmoja akainama, akapitisha kidole, akasema ni kweli, umekatwa kwa panga. Nikaona wanalegea. Kama shemeji angenyamaza hapo pengine wangekunywa maji wakaenda zao.

"Mihogo ina mizizi mkiipanda?" akauliza. "Si ni kijiti kilichokatwa kwa panga? Miwa je? Na ua wangu ule wa miti ya minyaa, nilileta mizizi au matawi?"

Wazee wakatazamana. Nilijua amenishika, maana ni kweli, kwetu ua wote hupandwa kwa matawi. Nikasema saipresi haioti hivyo. Wakaniuliza nitawahakikishia vipi. Nikasema katekista ndiye aliyeniagiza, aulizwe. Wakamtuma mtu, na kanisa halikuwa mbali. Tulikaa tukimngoja, mti umelala katikati yetu juani. Nilitaka kuufunika gunia, nikaogopa kuinuka.

Mjumbe akarudi peke yake. Alisema katekista anasalimu wazee, na kwamba kanisa haliingilii mambo ya ardhi ya ukoo. Halafu akaongeza kwamba mti ukiwa tayari atakuja kuuchukua jioni.

Huyo ndiye aliyesema mjane si ng'ombe. Baadaye nilikuja kujua kwamba shamba la kanisa lilikuwa linapakana na la shemeji, na wazee ndio waliokuwa wakisubiriwa waseme mpaka upite wapi. Si hoja. Ningekuwa mimi ningekuja.

Basi ami akamgeukia mama mkwe.

"Wewe unakaa hapa. Mwanao alipokuwa hai, uliwahi kumwona akifanya hivi na mti wa kanisa? Kwamba unawekwa tu, unatolewa?"

Mama mkwe alikuwa amekaa chini, miguu ameinyoosha. Alimtazama shemeji, mwanawe aliyebaki, ambaye ndiye angemlisha na ndiye angemzika. Kisha akavuta kitenge chake magotini.

"Mimi sikuona," akasema. "Mimi huwa ndani."

Niligeuza uso nikatazama upande wa makaburi.

Hukumu ilitolewa kwa adabu. Walisema hawanifukuzi. Walisema shimo haliwezi kubaki lilivyo, wala mwanamke hawezi kulifukia. Lifukiwe na mwanaume mwenye nyumba, na shemeji akilifukia kwa mkono wake, mti utahesabiwa ni wake na kosa limekwisha. Ila mtu hawi mwenye nyumba kwa kusimama uani. Ataingia, ataweka fimbo yake ndani, atalala. Nikikataa, basi nirudi kwetu Busia baada ya sikukuu, na nyumba iangaliwe na ndugu.

"Amua taratibu, mke wetu," shemeji akasema. Alikuwa hata hanitazami. Alikuwa anatazama bati.

Niliwaambia nitaenda kwetu. Nilisema mara moja tu, na ami akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nadhani alitaka nikatae na alitaka nikubali, yote mawili, ili mradi jambo liishe kabla ya sikukuu.

Katekista alikuja jioni na baiskeli. Hakushuka mara moja. Aliweka mguu mmoja chini.

"Mama, tutakuombea."

"Mti umekaa juani mchana wote," nikamwambia. "Ukifika ukate tena chini, kipande kama kidole, uutie majini hapohapo. Usiuweke kwenye mchanga mkavu."

"Ndiyo, mama."

Alipoufunga aliufunga matawi yakiwa mbele. Nilimwona akiondoka, upepo unayapinda matawi kinyume, na sikumwita.

Kwenye ibada ya Krismasi nilikwenda, kwa sababu kanisa lilikuwa njiani na mzigo wangu ulikuwa kichwani tayari. Nilikaa nyuma karibu na mlango. Walikuwa wameusimamisha ndani ya ndoo ya mchanga, wameubandika pamba tuliyovuna wenyewe, eti theluji. Upande mmoja ulikuwa umeanza kufifia, na kila mlango ulipofunguliwa vijani vilianguka. Wanakwaya walivikanyaga wakicheza. Shemeji alikuwa benchi la mbele na wake zake, amevaa koti la mume wangu. Katekista alihubiri kuhusu wasafiri waliokosa nafasi. Alisimulia kwa machozi. Nilimsikiliza mpaka mwisho nione kama atatazama nyuma. Hakutazama.

Nilitoka wakati wa sadaka, nikashika barabara ya Busia. Askari wa kizuizi aliinua boriti akaniuliza, kwa utani wa sikukuu, mama gani anahama siku ya Krismasi. Nilimwambia nakwenda kwetu. Kwetu kulikuwa na kaka yangu na mke wake na watoto wao, na nilipewa mahali jikoni. Nilikaa kidogo, kisha nikapanga chumba Busia mjini, nikaanza kukaanga samaki na kuuzia madereva. Kazi hiyo ndiyo iliyonilea mpaka leo. Sikuolewa tena. Walionitaka walikuwepo, lakini kila aliyeniuliza nilimwona anatazama juu, kama anahesabu bati.

Mwishoni mwa miaka ile ya sitini wachuuzi wa Buteba waliniambia mama mkwe amefariki na ameshazikwa. Nilikaa na habari hiyo mpaka Desemba. Kisha nikafunga meza yangu asubuhi moja, nikaenda. Sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa ajili ya wale wawili, maana tangu niondoke hakuna aliyefagia makaburi yao.

Sikuitambua njia ya kuingilia. Pale palipokuwa uani, na bafu, na shamba langu la maharagwe, palikuwa na saipresi. Mistari kwa mistari, zimepandwa kwa kamba, nyingine zimeshapita kichwa changu. Nyumba ilikuwa katikati, mlango umeondolewa, mbuzi wanachungulia.

Mke mdogo wa shemeji alitoka kunilaki. Alikuwa amenenepa, na amepoteza jino la mbele.

"Ni mke wa marehemu," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Karibu. Mwenyewe hayupo. Amepeleka miti Tororo."

"Anauza?"

"Anauza sana. Hata kanisa linanunua kwake siku hizi. Lakini watu wanalalamika inaanguka majani haraka." Akanitazama, akatazama chini. "Hakuna anayejua kuiweka."

Nilimwambia nataka kuona makaburi. Akasimama, akazungusha macho kwenye mistari, na nikaona hajui.

"Ni huku nyuma ya nyumba," nikasema.

Tulipita chini ya matawi, yeye mbele akiyashikilia ili yasinipige. Kaburi refu lilionekana kidogo, udongo umeinuka kati ya mistari miwili. La mtoto halikuonekana. Nilipima kutoka ukutani kwa miguu yangu, kama nilivyokuwa nikienda na ufagio, nikafika kwenye shina la saipresi, nene kama mkono wangu.

"Ni hapa," nikasema.

Mke mdogo alijishika kifua. "Nilimwambia aache nafasi," akasema. "Nilimwambia, dada, haki ya Mungu. Akasema kamba ikishanyooshwa haipindwi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita dada. Nikamwuliza kama anaweza kuniacha peke yangu. Akaenda. Nilikaa chini, mgongo kwenye shina, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Panga ningeweza kuliomba, nalo wangenipa. Lakini mti ule ulikuwa na mizizi, na nilijua mizizi imefika wapi na imeshika nini. Nikaokota tu vijiti vilivyoanguka juu ya mtoto na juu ya baba yake, nikavitupa kando, nikafagia kwa mkono.

Jua lilipopungua nguvu niliinuka. Mke mdogo alinisindikiza mpaka mwisho wa saipresi, akaniuliza kama nitakuja tena. Nikamwambia sijui. Akasimama hapohapo, hakuvuka, na mimi nikashuka barabarani.